Fowili ndogo kwa sisi wa shamba Pemba si anasa, ila chungulieni chini kabla ya kutoa pesa

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, nnataka kujibu lile neno nililolisoma hapa kwenu na nnalolisikia kila siku barazani, kwamba mtu wa Zanzibar kununua gari ndogo ya fowili, yaani inayovuta kwa tairi zote nne, ni kutupa pesa, ati visiwa vyenyewe vidogo na lami ipo, basi achukue ya kuvuta mbele anusuru mafuta yake. Mie nimeendesha zote mbili, gari ya jina moja, njia ile ile, masika na kiangazi, kwa hiyo nasema nnachokijua.

Mie ni mwalimu, nasomesha skuli Chake Chake na nakaa shamba upande wa Mtambwe. Nikishaacha lami mpaka nifike mlangoni kwangu ni kilomita mbili na kitu za udongo mwekundu, na aliyezaliwa Pemba anaujua udongo wetu, kiangazi vumbi tupu na mvua ikipiga nusu saa tu unakuwa sabuni. Halafu Pemba si kama Unguja, Unguja ukitoka mjini ukenda Paje au Makunduchi sehemu kubwa ni tambarare, huku kwetu unatoka bonde la mpunga unapanda kilima cha mikarafuu, unashuka tena bonde jengine unapanda tena, hakuna pa kupumzika. Ukisikia mtu anakwambia fowili ya nini, muulize kwanza anakaa wapi.

Gari yangu ya kwanza ilikuwa Toyota IST ya kuvuta mbele, nimekaa nayo miaka mitano, na hii nilonayo sasa ni IST hiyo hiyo lakini fowili. IST za umbo la kwanza zilitoka Japani mwaka 2002 zikaendelea mpaka 2007 lilipokuja umbo jipya, na zimegawika tatu: NCP60 ya cc 1300 inavuta mbele, NCP61 ya cc 1500 nayo inavuta mbele, na NCP65 ya cc 1500 ndio fowili. Kwa nje ukizipanga pamoja huzijui ipi ni ipi, bodi moja, taa zile zile, siti zile zile. Mambo yako chini.

Ile NCP60 sina ubaya nayo, ilinilelea watoto. Kwenye lami ni nyepesi, kilomita 14 kwa lita moja nilikuwa nazipata bila ya taabu, vifaa kila pahala, fundi yeyote anaijua. Hata kwenye matope ya tambarare haikuwa mbaya, kwa sababu injini na giaboksi vyote viko mbele na uzito wote ule unazikandamiza tairi zinazovuta. Shida ni kilima. Gari ikianza kupanda uzito unarudi nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, zile tairi zinazovuta zinabaki zinazunguka tu zinachimba, na ukiwa umepakia mzigo kwenye buti ndio kabisa. Nilikuja kujifunza kupanda kwa rivasi, nageuza gari chini ya kilima napanda kinyumenyume shingo imegeuka, maana ukirudi nyuma zile tairi za mbele zinakuwa upande wa bondeni na uzito unazilalia. Inafanya kazi wallahi, mwenye gari ya kuvuta mbele ajaribu, lakini usiku na mvua na mtaro kila upande si jambo la kulifanya kila siku.

Kilichonitoa kwenye gari ile ni karafuu. Msimu mmoja tulikuwa tunachuma shamba la marehemu baba, jua likiwa limeshalala nikapakia polo tatu mbichi, yaani magunia matatu ya karafuu, kuzipeleka nyumbani zikachambuliwe makonyo na asubuhi zianikwe. Mvua ikateremka tukiwa njiani, nikafika nusu ya kilima gari ikasimama, mbele inazunguka, nyuma polo tatu zinanivuta chini. Rivasi siwezi, njia ni finyu na kiza kimeshaingia. Vijana wakaja wakasukuma mpaka wakachoka, polo moja tukaipeleka kwa kichwa, mbili zikalala ndani ya gari mpaka kesho yake mchana njia ilipokauka. Anaejua karafuu anajua kilichotokea, karafuu mbichi ikilala guniani inapata moto, inavia, ukija kuianika inatoka nyeupe nyeupe, mpeta, na mpeta ukiupeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, huulipwi bei ya karafuu safi. Kazi ya wachumaji, kodi ya mikarafuu, siku nzima juu ya mti, vyote vimeishia kwenye kilima kimoja. Nilikaa kimya siku mbili nyumbani. Siku ya tatu nikamwambia mke wangu gari hii tunaiuza.

Sasa hapa ndipo nnapotaka wasomaji wanisikilize zaidi, maana nusu ya barua hii nimeiandikia hili. NCP65 niliinunua Unguja kwa mtu mmoja, sitomtaja. Karatasi zilikuwa sahihi, kibati cha ndani ya boneti kimeandikwa NCP65, akaniapia kwamba hii fowili Maalim, hutokwama tena. Nikaipandisha meli ikaja Pemba. Mvua ya kwanza, kilima kile kile, tairi za mbele zikazunguka kama ya zamani, na mie nimeshatoa pesa ya kuuza gari na akiba ya miaka juu yake. Nikaipeleka kwa fundi, akaipiga jeki, akaingia chini, hakukaa hata dakika mbili akatoka anapangusa mikono akaniambia, "Maalim, gari yako imekatwa mkia." Propela haipo! Difu ya nyuma, ile inayozigawia nguvu tairi mbili za nyuma, ipo, kila kitu cha nyuma kipo, lakini ile propela ndefu inayotoa nguvu mbele kuipeleka nyuma ishavuliwa zamani, na pale ilipotoka pamezibwa tu oili isivuje.

Kumbe ni desturi. Nikaanza kuulizia nikaambiwa na mafundi zaidi ya mmoja kwamba wapo wenye gari wanaovua propela ili gari isile mafuta, na wengine inapoanza kulia au kutetema huona bora kuivua kuliko kuitengeneza. Anaevua kwenye gari yake anayoendesha mwenyewe hiyo ni hiari yake, ingawa mie naona hata yeye hapati anachokitafuta, kwa sababu difu na uzito wake bado anatembea nao, kwa hiyo anabeba mzigo wa fowili na hana fowili. Lakini kuivua halafu ukamuuzia mwenzio kwa bei ya fowili na ukaapa, huo ni wizi na nauita wizi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotafuta gari, msiishie kwenye kibati. Kibati kinakwambia gari ilivyozaliwa, hakikwambii ilivyo leo. Piga magoti nyuma ya gari, kati ya tairi mbili za nyuma lazima uone difu, dude la chuma la mviringo, na kutoka pale lazima uone bomba nene linakwenda mbele mpaka kwenye giaboksi, hiyo ndio propela. Ukiona difu na huoni bomba, ondoka. Na huku kwetu visiwani tazama na kutu vile vile, gari zinazokaa pwani chumvi inakula kule chini mwanzo, mabano na bolti za difu zinaoza na juu rangi inang'ara. Na si IST peke yake, Vitz za mwanzo zina SCP10 ya kuvuta mbele na NCP15 fowili, Passo za mwanzo zina KGC10 ya kuvuta mbele na KGC15 fowili, hadithi ni ile ile.

Propela nilikuja kuipata Dar es Salaam, mtumba, ikafungwa, oili ya difu ikabadilishwa, na tokea siku ile mpaka leo nnavyoandika kilima kile sijakilala. Si kwamba inaruka. Fowili ya gari ndogo hizi si kama ya Land Cruiser ya kuvuta mti. Wakati wote inavuta mbele, huko nyuma karibu na difu kuna kaplingi, ndani yake mna sahani nyembamba nyingi na mafuta mazito ya silikoni, tairi za mbele zikianza kuteleza zikazunguka kuliko za nyuma yale mafuta yanapata moto yanazishika zile sahani, ndio nguvu inakwenda nyuma. Ina maana lazima kwanza ziteleze kidogo, unasikia mbele inazunguka kama roho inataka kukutoka, halafu nyuma inasukuma na gari inapanda taratibu. Mtu asiyejua akisikia ule mzunguko wa mwanzo anaachia mafuta, na akiachia gari inasimama. Usiachie, kanyaga kidogo kidogo iwe inakwenda.

Na gharama ipo, siifichi. Hii inanipa kilomita 11 na nusu kwa lita, na tukumbuke injini yenyewe ni kubwa kuliko ile ya mwanzo kwa hiyo lawama yote tusiitwishe fowili. Safari yangu kwenda na kurudi ni kama kilomita 50, siku 25 kwa mwezi, ukipiga hesabu ni tofauti ya lita kama 20 kila mwezi. Zizidishe mwenyewe kwa bei ya mafuta ya mwezi inayotangazwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti ya Zanzibar, uone, kwa mshahara wa mwalimu si kidogo. Lakini polo mbili za karafuu zilizovia zilinitoka kwa usiku mmoja.

Kilichonishangaza ni tairi. Na ile gari ya kwanza nilikuwa nanunua mbili mbili, zikiisha za mbele naweka nyengine basi. Na hii nikafanya hivyo hivyo, mbele mpya nyuma zilizokwisha, baada ya wiki mbili gari ikawa nzito, ukikata kona unahisi kama kuna breki imeshika, na chini kuna harufu ya moto. Fundi akanigombeza. Tairi zikitofautiana kimo za mbele na za nyuma hazizunguki sawa hata kwenye lami kavu, kaplingi inadhani gari inateleza, inafanya kazi mchana kutwa mpaka inaungua. Kwa hiyo fowili ni tairi nne pamoja, saizi moja na zimelika sawa, na hapo ndipo pesa inapokutoka kwa mkupuo. Na ukiharibikiwa njiani usikubali gari ivutwe kwa kunyanyuliwa mbele peke yake na nyuma inaburuzika.

Jengine ni breki. Nimeona jirani yangu, kijana mzuri tu, amenunua fowili akaamini haitelezi, akashuka kilima kwenye utelezi kwa mwendo wa lami akaishia kwenye mihogo ya watu, alhamdulillahi hakuumia mtu. Gari zote zina breki tairi nne, fowili inakusaidia kupanda, kushuka na kusimama ni sawa na mwengine yeyote. Shuka na gia ndogo, na angalia kashata za tairi zako, maana tairi kipara kwenye udongo wetu hata ukiwa na fowili utalala njiani.

Wa mjini mie siwashawishi. Anaekaa Michenzani au Chake penye lami mpaka mlangoni achukue ya kuvuta mbele na Mungu ambariki, anusuru lita zake 20. Wala mtu asinunue fowili ndogo kwa ajili ya maji ya mvua yanayojaa njiani, gari ni ile ile fupi, maji yakifika kwenye injini yamefika. Na huko Unguja kwenye njia za mawe ya uwandani shida ni kimo cha gari zaidi kuliko tairi zinazovuta.

Ninachowaomba nyinyi gazetini, mnapoandika habari za magari msituandikie kama wote tunakaa kwenye lami. Na wanaokagua magari naomba wakiingia chini waandike kama propela ipo au haipo, ni kazi ya dakika moja, iwemo kwenye karatasi anayoonyeshwa mnunuzi.

La mwisho, senta beringi ya propela yangu, ile inayoishikilia katikati, imeanza kulia nikifika spidi 60, na fundi wangu hapa Pemba hajaipata. Mwenye kujua pahala inapouzwa, Wete, Chake au hata Unguja, naomba aandike hapa hapa gazetini, tuko wengi wenye NCP65 huku shamba na msimu wa karafuu umekaribia.

Wabillahi tawfiq,
Mwalimu, Mtambwe, Pemba