Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Majira ya Baridi Hapa Saint-Malo

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi, jambo yenu.

Chama chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili hapa Saint-Malo, mji wa bandari kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, kimesajiliwa chini ya sheria ya tarehe 1 Julai 1901, kama vyama vingine vya Ufaransa, na katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa mbele ya mkutano mkuu kila mwaka. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Shughuli za kiangazi zilikwenda vizuri na wengi wenu mlikuwepo, kwa hiyo sitazirudia. Nataka tuzungumzie miezi ya Novemba hadi Machi, maana ndiyo iliyokibadilisha chama hiki mwaka huu.

Miaka ya nyuma tulikuwa tunaagana Oktoba na kuonana tena Pasaka. Madhara yake mnayajua. Mwishoni mwa Desemba jua hapa linachomoza karibu na saa tatu asubuhi, na saa kumi na moja na dakika chache jioni limeshazama. Theluji ni nadra, lakini mvua na upepo havikauki. Mtu aliyekulia barazani, ambako jioni hapiti jirani bila kusalimia, anajikuta amejifungia chumbani na simu yake. Wapo wenzetu waliokuwa wanamaliza wiki nzima bila kuzungumza Kiswahili na mtu uso kwa uso. Mkutano uliopita uliona kwamba hilo ni jambo la chama kizima, ukaamua tusifunge milango wakati wa baridi. Kamati iliupokea uamuzi huo kwa moyo wote.

Swali la kwanza lilikuwa: twende wapi, saa ngapi? Jibu alitupa Bi Mkubwa wetu wa Pemba, ambaye tangu utotoni anajua kuchokoa chaza kwenye miamba. Alituambia tusiangalie kalenda ya sikukuu, tuangalie mwezi. Kule Unguja na Pemba, siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hukauka mnamo saa nne asubuhi. Hapa Saint-Malo siku za bamvua maji hukauka kati ya saa nane na saa kumi alasiri, mwaka nenda mwaka rudi. Maana yake ni kwamba hata katikati ya Desemba, bahari inatufungulia njia saa zile zile ambazo baridi imepungua kidogo na mwanga bado upo. Tukapanga safari zetu kubwa zote kwa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na ndiyo maana zilifanikiwa.

Kwa wanachama wapya niseme kidogo juu ya maji haya. Pwani ya Mombasa na Zanzibar, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni kama mita 4. Hapa inaweza kukaribia mita 13. Maji ya Atlantiki yanaingia kwenye mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, yanakuta rasi ya Cotentin imeyazibia njia, yanarundikana kwenye ghuba yetu. Magazeti na vibao vya ufukweni hutoa namba ya nguvu ya maji kwa kila siku, kati ya 20 na 120. Ikivuka 100, utaona mji mzima unashuka ufukweni na ndoo.

Nasi tulishuka. Safari iliyonigusa zaidi ni ile ya ng'ambo ya mto Rance, Saint-Jacut-de-la-Mer, ambako maji yakikauka unatembea kwa miguu mpaka visiwa vya Ébihens. Katibu alikagua kwanza matangazo ya afya kuhakikisha eneo halijafungwa. Watoto walipewa kila mmoja kipimo cha plastiki. Kuna kijana wetu mmoja wa darasa la tatu, sitamtaja jina, alichuchumaa kwenye mchanga na gambuti zake akawa anapima kila kome aina ya palourde aliyemfukua. Asiyefika sentimita 4 alimrudisha shimoni, akamfukia, akapigapiga mchanga juu yake kwa kiganja. Hakuna aliyemsimamia. Wazee wa Kifaransa waliokuwa jirani walisimama wakamtazama, mmoja akaja kumwonyesha namna ya kutambua vitundu viwili ambavyo kome huyo huviacha juu ya mchanga. Ndoo yake haikujaa, lakini urafiki uliozaliwa pale umeendelea: mzee yule sasa ndiye anayetupigia simu kutuarifu mahali penye kamba.

Bi Mkubwa naye alikuwa ameweka sharti moja: saa ya maji kufikia mwisho wa kupwa ikigonga, watu wageuke, hata kama ndoo ni tupu. Baadhi yenu mlinung'unika siku ile, kwani mchanga ulikuwa mkavu mpaka upeo wa macho. Naomba sharti hilo liingie rasmi kwenye kanuni zetu za safari. Maji yakianza kurudi huenda polepole, kisha saa ya tatu na ya nne hupanda kwa kasi kuliko saa nyingine zote. Kwenye bamvua ya mita 12, hiyo ni mita 3 ndani ya saa moja, na mara nyingi huanza kuzunguka nyuma yako kupitia mifereji ambayo ulipokuwa unakwenda hukuiona. Kila mwaka waokoaji wa pwani hii huitwa kuwatoa watu walionaswa hivyo. Sitaki mwanachama yeyote awe miongoni mwao.

Cancale tulikwenda kwa ajili ya chaza. Pale bandarini La Houle wauzaji wanakufungulia sahani mbele yako, unakaa kwenye ukuta, unakula, magamba unayatupa chini ufukweni pamoja na ya watu wote waliokutangulia. Kutoka hapo tulipanda hadi Pointe du Grouin. Hewa ilikuwa safi, na kisiwa cha Mont-Saint-Michel kikaonekana upande wa pili wa ghuba. Katika ghuba hiyo kila majira ya baridi wanakuja bata bukini wadogo weusi kutoka Siberia. Dada mmoja wa kutoka Bujumbura aliposikia kwamba ndege wale wamesafiri maelfu ya kilomita kuja hapa kutafuta joto, alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema kuanzia leo halalamiki tena. (Amelalamika tena, na ana haki.)

Matembezi ya juu ya kuta za mji wa kale yalikuwa na uzito wa aina yake, nami naomba mnivumilie kidogo hapa. Wageni huja kutazama mawe, na kweli ni mazuri, hasa ukijua kwamba sehemu kubwa ya mji huu iliteketea Agosti 1944 na ikajengwa upya. Lakini pale juu ipo pia sanamu ya Robert Surcouf, mzaliwa wa hapa, ananyoosha mkono kuelekea baharini. Mji unamsifu kwa kuteka meli za Waingereza katika Bahari ya Hindi. Sisi tuliwaeleza watoto wetu na upande mwingine: kwamba akiwa kijana alifanya kazi kwenye meli zilizobeba watumwa kutoka Msumbiji, na kwamba aliendelea na biashara hiyo baadaye. Tuliwaeleza pia habari za Mahé de La Bourdonnais, naye wa Saint-Malo, aliyekuwa gavana wa Île de France, yaani Mauritius ya leo, kuanzia 1735, na Port Louis akaijenga kwa jasho la watumwa kutoka Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Mtoto mmoja aliuliza kama babu zetu waliwahi kusikia jina la mji huu. Ninaamini wapo waliolisikia, bila kupenda. Kamati inapendekeza matembezi haya yawe ya kila mwaka, na tumwalike mwanahistoria anayejua vizuri kuliko sisi.

Siku za dhoruba hatukwenda mbali. Tulisimama kwa umbali salama kutazama mawimbi kwenye ufukwe wa Sillon, pale yanapopiga magogo ya mwaloni yaliyosimikwa ili kuukinga ukuta, kisha yanaruka juu kuliko nyumba. Siku ambayo njia ilifungwa tulirudi ndani kunywa chai ya tangawizi. Kundi la akina mama limeanza kutembea ndani ya maji usawa wa kiuno wakiwa wamevaa nguo za mpira, mchezo unaoitwa longe-côte, ulioanzia upande wa Dunkerque. Mimi naliunga mkono kundi hili kikamilifu. Wanaotaka kujiunga waonane nao baada ya kikao.

Ndani ya ukumbi tulikata galette des rois, keki ya sikukuu ya Epifania, mwezi Januari. Kwa desturi ya hapa, mtoto mdogo kuliko wote anaingia chini ya meza na kutaja kila kipande kiende kwa nani, ili asipendelewe mtu. Tarehe 2 Februari tulipika crêpes, yaani chapati nyembamba za maji za Kifaransa, zikakaa meza moja na vitumbua na maandazi, na vitumbua ndivyo vilivyomalizika kwanza. Ramadhani iliingia katikati ya Februari. Saumu ya siku fupi ni nyepesi, lakini kufuturu peke yako ni kuzito, kwa hiyo ukumbi ulifunguliwa kila Jumamosi, na wenzetu Wakristo ndio walioshika zamu ya kupika uji. Nawashukuru mno.

Januari hiyo hiyo mwanachama wetu alifiwa na mama yake Kigoma na hakuweza kusafiri. Mlikaa naye matanga hapa, mkalala kwenye viti, mkachangia. Ameniomba niwaambie kwamba hatasahau.

Mapungufu yapo. Usafiri bado unawaelemea wanaotoka Rennes. Treni ni chini ya saa moja, ila kutoka stesheni hadi ufukweni wanategemea lifti, na madereva wetu ni wale wale kila mara. Makoti ya mvua na gambuti za kuazimana hazitoshi, hasa za watoto. Ukumbi tuliokuwa tunakodi mwanzoni ulikuwa na hita mbovu na hatukusikilizwa, tumeshahama.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta mapendekezo haya mpigie kura. Kwanza, sehemu ya ada itengwe kununua gambuti, makoti na tochi za kichwani. Pili, sharti la Bi Mkubwa la kugeuka kwa wakati liwe kanuni. Tatu, tufungue msimu wa baridi mwanzoni mwa Novemba 2026, wakati mashindano ya mashua za tanga ya Route du Rhum yatakapoondoka bandarini kwetu kwenda Guadeloupe, kila nahodha peke yake chomboni. Mwaka 1978 yalipoanza, mshindi alimtangulia wa pili kwa sekunde 98 tu baada ya kuvuka bahari yote ile; watoto wataipenda habari hiyo. Nne, mwezi huo huo twende kwenye bwawa la Rance, ambako mitambo 24 huzalisha umeme kwa maji haya haya ya kupwa na kujaa. Lilizinduliwa tarehe 26 Novemba 1966, kwa hiyo litakuwa linatimiza miaka 60.

Orodha ya madereva wa kujitolea ipo mezani kwa katibu. Naomba ijae kabla hatujaanza kupiga kura.