Malalamiko kuhusu seva mbili za mafaili mlizotufungia

Lubumbashi, tarehe 30 Juni 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ndiye mwenye nyumba ya uchapaji ya Kampemba ambapo mafundi wenu walifunga seva mbili, yaani kompyuta kuu za kutunza mafaili yetu, mwezi wa tatu. Nimepiga simu kwenu mara nne, na mara zote nimejibiwa kwamba sistemu iko sawa. Ndiyo maana leo naandika.

Tulichonunua ni kitu kimoja: seva moja ikifa, nyingine ishike kazi, wachoraji wangu wasihangaike. Kwa ajili hiyo tulilipa seva mbili. Fundi wenu alitueleza vizuri, hilo sikatai. Kila faili linaandikwa kwenye diski za pande zote mbili kwa njia ya programu ya DRBD, programu nyingine, Pacemaker, inaamua ni seva ipi ihudumie, na anwani moja ya IP, ile namba ambayo kompyuta zetu huitafutia seva, inahama pamoja na kazi. Alituonya pia kwamba baada ya kuhama kompyuta zinaweza kukwama sekunde 90 hivi, kwa sababu NFS toleo la 4, njia ambayo kompyuta zetu hufikia mafaili ya seva, huzipa muda wa kudai upya mafaili zilizokuwa zimeyashika. Tulikubali. Sisi tuliozoea umeme wa hapa, sekunde 90 hazitutishi.

Jumanne tarehe 17 Juni umeme ukakatika saa nane mchana. Seva ya chini ina onduleri (betri ya akiba) yake, ya ghorofani ina yake, na vyumba vya kazi vinashikwa na jenereta. Kilichozimika ni kiswichi kidogo cha mtandao cha ngazini kinachounganisha chini na juu. Fundi wenu alikichomeka kwenye soketi isiyo na onduleri wala jenereta. Hakuna seva iliyokufa siku ile. Ila kila moja iliacha kumsikia mwenzake, ikaamini amekufa, ikajifanya mkubwa na kuchukua anwani ileile. Mafahali wawili katika zizi moja. Wachoraji wa chini wakaandika chini, wa juu wakaandika juu, na hakuna aliyeshtuka, maana kila mtu aliyaona mafaili yake mbele yake.

Umeme uliporudi saa mbili usiku, DRBD ikaona pande mbili zimeandika mambo tofauti, ikakataa kuziunganisha. Hapo ilifanya inavyotakiwa. Kazi yote ikaachiwa seva ya chini. Asubuhi wachoraji wa juu wakakuta buletini za shule tatu zimerudi zilivyokuwa jana yake kabla ya saa nane, na mialiko ya harusi ya Jumamosi haipo kabisa. Wakaanza kushukiana wao kwa wao, nani kafuta, nani kachezea. Nusura niadhibu mtu asiye na kosa.

Na bado hapo hatukuwa tumepoteza kitu. Kazi ya juu ilikuwa nzima kwenye diski ya seva ya juu. Fundi wenu ndiye aliyeingia kwa intaneti kutoka huko aliko, akaiamuru seva ile itupe data yake na kunakili upya kutoka chini. Hakuniuliza. Angeifungua kwanza ile diski peke yake, akatoa folda mbili na kuziweka pembeni, tungekuwa tumeshasahau. Badala yake wachoraji wanne walikesha usiku tatu, na mialiko ya harusi nilimrudishia baba wa bibi harusi pesa zake huku nimeinamisha kichwa.

Mtoto wa ndugu yangu anasoma informatiki. Alifungua usanidi wenu akanionyesha mstari wa stonith-enabled, umeandikwa false, yaani chombo kiitwacho STONITH kimezimwa. Kazi ya chombo hicho, akanieleza, ni kuhakikisha mwenzako amezimwa kweli, hata kwa kumkatia umeme, kabla hujashika kazi yake. Jina lenyewe ni la kikatili, maana yake umpige mwenzako risasi ya kichwa, lakini sasa naona faida yake. Seva mlizotuuzia zina tundu la kuziwasha na kuzizima kwa mbali. Tundu hilo halijawahi kuona kebo. Tena zimewekwa kila moja iridhike na kura yake yenyewe, hakuna wa tatu wa kuamua.

Kuhusu jaribio la mwezi wa tatu mnalonikumbusha kila nikipiga simu: ndiyo, nilisaini. Fundi aliandika amri, kazi ikahama kwa utaratibu, tukafurahi. Hakuna plagi iliyochomolewa siku ile, wala kebo.

Kwa hiyo, kabla ya tarehe 15 Julai, nataka yale matundu yachomekwe kebo na chombo hicho kiwashwe, kebo ya pili ivutwe moja kwa moja kutoka seva hadi seva bila kupitia ngazini, na mashine ndogo ya tatu iwekwe kwa ajili ya kura. Nataka pia maandishi kwamba fundi wenu hatatupa data ya upande wowote bila saini yangu. Malipo ya usiku tatu na ya ile mialiko nimeyaandika kwenye fakitire niliyoambatanisha. Pesa za matengenezo za miezi sita ijayo nimezishika kwanza.

Jaribio la safari hii nitalifanya mimi, fundi wenu akiwa amesimama hapo. Wachoraji watakuwa kazini, juu na chini, na nitakichomoa kile kiswichi cha ngazini kwa mkono wangu.

Pokea salamu zangu, Bwana Mkurugenzi.

Mwenye nyumba ya uchapaji, Kampemba