Mgeni katika nyumba yangu mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kwa watengenezaji wa printa. Boksi la printa yangu limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inachapa kutoka kwenye simu bila waya. Ni kweli, inachapa. Ila kwa siku mbili simu iliniambia haioni printa yoyote, na mashine yenyewe iko mezani, taa inawaka, inanikodolea.

Siku ya kwanza iliishia kwenye waifai. Ruta yetu ina mitandao miwili, wa gigahezi 2.4 na wa gigahezi 5, na printa hii, kama nyingi za nyumbani, hushika ule wa 2.4 tu. Siku ya pili niligundua kuwa simu yangu iko kwenye mtandao wa wageni, ambao hutengwa na vifaa vingine vya nyumbani. Aliyeniunga huko ni mwanangu. Mgeni, mimi mwenye nyumba!

Kijitabu hakisemi lolote kuhusu hayo. Kinasisitiza tu nipakue programu yao, nayo ikataka kujua mahali nilipo. Ya nini? iPhone zina AirPrint, huduma ya kuchapa bila kupakua programu nyingine, tangu 2010, na Android kuanzia toleo la 8 huja na huduma yake ya kuchapa. Nilipohamia mtandao sahihi, nilifungua barua, nikagusa "Chapisha", karatasi ikatoka.

Mistari miwili kijitabuni ingeniokolea siku mbili. Karatasi ya kuiandika wanayo.

Mwalimu mstaafu