Ukifika Hakui, Isiwe Jumanne

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi baada ya siku nyingi. Natumaini hujambo, na mama na watoto huko Tanga wote ni wazima.

Umeniuliza kuhusu ile nyumba ya makumbusho ya visahani vya angani, na kama inafaa kutoa siku nzima ya safari yako kwa ajili yake. Inafaa. Inaitwa Cosmo Isle Hakui, iko Japani katika mji mdogo wa Hakui, mkoa wa Ishikawa, pale rasi ya Noto inapoanza kuingia baharini. Ilifunguliwa mwaka 1996. Jumanne hufungwa, na hilo ndilo linalowaponza wageni wengi, kwa hiyo panga siku ya kwenda huko kwanza kabla ya kupanga mengine.

Kutoka Tokyo panda Shinkansen, treni ya mwendo kasi, ya njia ya Hokuriku hadi Kanazawa, saa mbili na nusu hivi. Hapo badilisha uchukue treni ya njia ya Nanao. Ya kawaida huchukua kama saa moja kufika Hakui, ya haraka kama dakika 40, ila hiyo ya haraka ina tiketi yake ya nyongeza. Soma vizuri ubao wa stesheni: treni za Toyama na za Nanao hutoka Kanazawa kwa reli ileile na kuachana Tsubata. Ukikosea ukapanda ya Toyama, utapelekwa mashariki huku Hakui iko kaskazini. Za kawaida hupita takriban moja kwa saa, basi kosa moja linakula asubuhi yako yote. Kama utakuwa na pasi ya JR, yaani ya shirika kuu la reli la Japani, fahamu kwamba kipande cha Kanazawa hadi Tsubata ni cha kampuni nyingine. Pasi inakubaliwa ukipita moja kwa moja kwenda Nanao, lakini ukishuka vituo vya katikati utatozwa nauli.

Stesheni ya Hakui hadi makumbusho ni mwendo wa miguu, chini ya robo saa. Nje imesimama roketi ya Kimarekani ya Mercury-Redstone, karibu mita 26, aina ileile iliyompeleka Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda angani, Mei 1961.

Kwa nini mji wa wakulima na wavuvi ukajenga kitu kama hiki? Wenyeji wana masimulizi ya kale ya moto uliokuwa ukiruka upande wa mlima Bijozan, wenye umbo la sohachibon, yaani matoazi ya ibada ya Kibudha. Hebu fikiria matoazi: duara, bapa, katikati pameinuka. Picha ya kisahani cha angani ni hiyohiyo. Ofisa mmoja wa mji, Takano Josen, ambaye pia ni mtawa wa Kibudha wa madhehebu ya Nichiren, aliona kwamba hadithi hiyo inaweza kuuamsha mji uliokuwa ukikimbiwa na vijana. Mwaka 1990 wakafanya kongamano la kimataifa la anga na UFO, yaani vitu virukavyo visivyotambulika, na miaka sita baadaye jengo likafunguliwa. Namheshimu sana mtu huyo. Hakuleta kitu cha kigeni akakibandika juu ya mji. Alichukua kilichokuwa tayari midomoni mwa wazee.

Sasa sikiliza vizuri. Watu wengi huenda wakitafuta viumbe wa sayari nyingine, wakapiga picha na sanamu ya kiumbe aliyelazwa mezani, wakaondoka. Wamepita mbele ya kitu chenye thamani kuliko vyote humo ndani bila kukitazama: chombo cha Vostok cha Wasovieti, cha kweli, kilichokwenda angani kikarudi. Ni tufe la kipenyo cha mita 2.3 hivi. Simama hapo hata dakika ishirini. Tazama ngozi yake ilivyoungua. Wakati wa kurudi, hewa iliyo mbele ya chombo hugandamizwa kwa kasi mpaka inawaka, na kinga ya nje imetengenezwa iungue kidogokidogo na kuondoka na joto. Wameipaka pande zote kwa sababu tufe halina upande wa mbele. Ila uzito wake umeegemea upande mmoja, ndiyo maana hujigeuza lenyewe bila rubani kufanya lolote. Na rubani hakutua ndani yake. Kwenye kimo cha kilomita 7 hivi kiti kilimrusha nje, akashuka kwa mwavuli wake mwenyewe. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, alifika ardhini hivyo mwaka 1961.

Tafuta pia Luna 24, chombo cha Wasovieti cha kwenda mwezini. Iliyo pale ni mwenzake wa kile chombo kilicholeta gramu 170 za udongo wa mwezi mwaka 1976. Baada ya hapo hakuna aliyeleta udongo wa mwezi tena mpaka Wachina mwaka 2020. Vyombo vingine kadhaa, kama kile cha Wamarekani cha Apollo cha kutua mwezini, ni nakala. Soma kibao cha kila kimoja ujue kipi ni kipi. Vibao vingi ni vya Kijapani, kwa hiyo pakua lugha hiyo kwenye programu ya kutafsiri ya simu yako kabla hujatoka hotelini. Upande wa UFO wameweka nyaraka za serikali ya Marekani zilizotolewa hadharani. Hizo ni za Kiingereza, utazisoma mwenyewe. Tenga saa mbili kwa yote.

Ukikodi gari Kanazawa, hapo umefaidika zaidi. Barabara ya Noto Satoyama Kaido haina malipo tangu 2013, na wanaendesha kushoto kama kwetu, ila kabla hujatoka nyumbani uliza kama leseni ya kimataifa ya Tanzania inakubaliwa Japani. Karibu na Hakui kuna ufuko wa Chirihama, kilomita 8 za mchanga unaopitika kwa gari la kawaida. Chembe zake ni ndogo mno, na maji yakijaa kati yake mchanga hushikana ukawa mgumu. Kaa kwenye mchanga uliolowa. Ukipanda ule mkavu wa juu, tairi zinazama. Mawimbi yakiwa makubwa ufuko hufungwa. Waulize kwanza wenye gari kama wanaruhusu, na ukimaliza osha chini yote, chumvi isile chuma.

Chukua mwavuli. Watu wa huko husema afadhali usahau chakula chako cha mchana kuliko mwavuli, na kuanzia Desemba mvua, theluji na radi hupokezana.

Unajua kuhusu tetemeko la Januari mosi, 2024. Lilivunja vibaya zaidi kaskazini mwa rasi ya Noto, miji ya Wajima na Suzu. Treni zinafika Hakui kama kawaida. Ukitaka kupanda juu zaidi, uliza hali ya barabara kwanza. Kula Hakui, nunua zawadi Hakui, uwe na fedha taslimu, maana rasi hiyo inahitaji wageni.

Jengo la pili la namna hii liko Iino, Fukushima, chini ya mlima Senganmori wenye umbo la piramidi. Lina nyaraka nyingi za UFO, na karibu yake wanauza rameni (tambi za supu) ya UFO, lakini halina Vostok. Kama una siku moja tu, nenda Hakui.

Niandikie tarehe zako mapema nikuangalie ratiba ya treni.

Ndugu yako,
Salehe