Barua kwa Mwanangu Anayesoma Bila Kutoka Nyumbani

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Habari kwamba umepokelewa na chuo kikuu huria kusoma, ukiwa nyumbani, shahada ya uzamili katika masomo ya wanawake na jinsia nimezipata kwa mama yako, naye alizipata kwako siku 9 kabla yangu. Sikukasirika, lakini ningependa ujue kwamba siku hizo nimezihesabu. Pengine ulidhani nitauliza masomo hayo yana faida gani, au nitasema, kama wasemavyo baadhi ya wazee wenzangu tukitoka misani, kwamba ni masomo ya kuwafundisha wanawake kubishana na waume zao. Sikusema hivyo wala sitasema. Nina swali moja tu, na kwa kuwa utalikuta mara nyingi katika barua hii naomba univumilie: siku utakapoacha kusoma, ni nani atakayejua?

Sisemi kwamba utaacha. Nasema kwamba ulipoacha masomo yale ya Kiingereza, mwaka wa kwanza wa ndoa yako, sisi tulijua baada ya miezi 8, na tulijua kwa sababu mama yako aliuliza, si kwa sababu ulisema. Mumeo naye, nilipomwuliza, alidhani bado unaendelea. Watu wawili mnakula sahani moja, na mmoja hajui kwamba mwenzake amefunga daftari.

Ulipokuwa ukisomea lisansi, shahada yako ya kwanza, hapa Bukavu, mtaa mzima ulikuona ukishuka asubuhi na mfuko wako, na siku usiposhuka, mama muuza ndizi wa pale njiapanda alituuliza kama unaumwa. Chuo kikuu huria hakina njiapanda. Kitakuwa ndani ya kompyuta, juu ya meza ileile unayomenyea viazi, na machoni pa wote waliomo nyumbani mtu aliyekaa ni mtu asiye na kazi. Mwanamume akikaa na karatasi, watu hupunguza sauti; mwanamke akikaa na karatasi, huitwa. Hutaacha masomo kwa kuamua kuyaacha, mwanangu. Utaitwa mara moja, utaitwa mara ya pili, kisha siku moja utagundua kwamba hujafungua ukurasa tangu mwezi uliopita, na hakuna atakayeuliza.

Nimejitahidi kukifahamu chuo chako kabla ya kushika kalamu. Indira Gandhi National Open University ya kule New Delhi, India, iliyoanzishwa mwaka 1985, si duka la vyeti kama nilivyohofu nilipolisikia jina kwa mara ya kwanza, na kitivo chake cha masomo ya jinsia na maendeleo kipo tangu mwaka 2007. Wala njia yenyewe si ngeni: chuo kikuu cha UNISA cha Afrika Kusini kilianza kufundisha watu kwa posta mwaka 1946, kabla mimi sijazaliwa, na Waingereza wakaanzisha Open University yao mwaka 1969. Kwa hiyo siogopi chuo. Ninachoogopa ni hesabu. Chuo chako huhesabu saa 30 za kusoma kwa kila krediti moja, maana yake somo la krediti 4 linakudai saa 120. Ukipata saa moja kila usiku, bila kukosa hata usiku mmoja, bila homa ya mtoto, bila msiba, bila umeme kukatika, somo hilo moja litakuchukua miezi 4. Tena umemwambia mama yako kwamba muda mfupi kabisa ni miaka 2 na mrefu ni miaka 4. Saa hiyo moja iko wapi? Niandikie iko wapi. Ikiwa New Delhi ni saa 1 jioni, wakati ambao mwalimu aliyekwisha kazi za mchana anaweza kukutana nanyi kwa intaneti, kwako Lubumbashi ni saa 9 na nusu alasiri, na saa hiyo wewe ndiyo kwanza unarudi kutoka shuleni kwako, watoto wana njaa, na bugali, au bukari kama mnavyosema huko, bado haijasongwa. Mitihani yao huja Juni na Desemba. Juni wewe unasahihisha mitihani ya wanafunzi wako. Desemba nyumba yako hujaa wageni. Umeyafikiria hayo? Au uliangalia tu kwamba minervali, ada ya masomo, si kubwa?

Usidhani kwamba sioni thamani ya masomo yenyewe. Sheria ya familia ya Kongo yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba wa kazi au kwa jambo lolote la kisheria la namna hiyo, na kwa miaka 29 niliishi chini ya sheria hiyo bila kuisikia, kama mtu aliyezaliwa kando ya mto Ruzizi asivyosikia maji. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilipoliondoa sharti hilo, ni mama yako aliyenisomea habari hiyo, nami nikamjibu kwamba nyumbani kwetu jambo hilo halikuwahi kuwa tatizo. Alikunja gazeti, akaenda jikoni. Nimelikumbuka gazeti lile mara kadhaa tangu nilipopata habari zako. Sheria hiyo mpya, wewe utaijua kunishinda, imebakiza kifungu kinachosema kwamba mume ndiye kiongozi wa nyumba, ilhali Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 14, inaahidi usawa wa wanawake na wanaume katika uongozi wa nchi. Jinsi nchi moja inavyoweza kuandika mambo hayo mawili na kulala usingizi ni jambo ambalo ningependa kulisoma likiwa limeandikwa na wewe, kwa utaratibu na kwa ushahidi, si kwa kelele za redioni.

Lile sanduku la bati lililo juu ya kabati unalijua, na vile vitabu vyembamba vya jalada jekundu mlivyokuwa mkivichorea unavijua pia, kwa hiyo sina haja ya kuvieleza. Labda hujui kwamba vilikuwa 24, vya masomo ya uhasibu kwa njia ya posta, na kwamba vilivyotiwa alama na mwalimu ni 7. Nilikuwa na chumba. Nilikuwa na mlango. Kila Jumamosi mama yenu aliwanyamazisha ili baba asome, na baada ya kitabu cha 7 mliendelea kunyamaza mwaka mzima. Posta haikuwa na kosa.

Mama yako naye, alipojiandikisha kwa mtihani wa taifa pamoja na wale waliojisomea wenyewe, hakuwa na chumba. Miaka ile nilikuwa na wageni wengi. Daftari lake lilikaa juu ya kifuniko cha sufuria, akashindwa mara ya kwanza, akajiandikisha tena, akapata asilimia 54. Hatukuchinja kuku. Juzi nimemwuliza alikuwa akisoma saa ngapi, akanijibu bila kuinua kichwa: «Saa uliyokuwa umelala.» Ndiyo maana nakuuliza wewe sasa, tena mapema, wakati jibu bado lina faida: ni nani ndani ya nyumba yako anayejua saa yako, na ni nani atakayeuliza siku saa hiyo itakapopita umelala?

Nitamwandikia mumeo barua yake. Siyo barua ya kumwombea ruhusa mtu aliyekwisha kulipa ada yake kwa mshahara wake mwenyewe. Ni barua ya kumwomba kazi. Saa yako ikifika, yeye awaogeshe watoto, yeye afungue mlango kwa wageni, yeye aseme kwa sauti ya kusikika kwamba mama watoto yumo darasani. Nimechagua neno hilo, yumo darasani, wala si kwamba anapumzika au anashughulika na simu. Akiona haya kulisema mbele ya ndugu zake, aniambie mimi, nitakuja huko nilisemee mlangoni pake. Najua utasema kwamba baba anaingilia. Naingilia. Nilipaswa kuingilia jambo la namna hii miaka mingi iliyopita, katika nyumba nyingine.

Kuhusu Kiingereza: wewe umefundishwa kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza, basi usijidanganye kwamba utasoma kurasa 40 kwa usiku mmoja. Soma kurasa 3, uzisome kwa sauti, kisha uandike kwa Kiswahili ulichokielewa. Usipoweza kukiandika kwa Kiswahili, hujakielewa. Kazi za kuandikia nyumbani usizipuuze kwa sababu tu mtihani ndio wenye alama nyingi. Kazi hizo ndizo barua pekee utakazokuwa ukipelekeana na walimu wako, na mwalimu asiyepokea chochote kutoka kwako hana njia ya kujua kama ungali hai katika masomo. Nilijifunza hilo katika kitabu cha 8, ambacho sikukirudisha.

Mama yako anasema ungependa kuandika tasnifu juu ya kina mama wabeba mizigo wa hapa kwetu, wale wanaopandisha magunia kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso. Hilo limenifurahisha kuliko yote, na nimelieleza kwa watu watatu ingawa hukunituma. Tangu Daktari Mukwege wa hapa Bukavu, anayewatibu wanawake waliobakwa vitani, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ulimwengu unalijua jeraha letu moja, na ni haki ulijue. Lakini mwanamke anayepandisha kutoka ziwani hadi Kadutu mzigo wa mtu mwingine, kwa fedha isiyofika jioni, naye ana habari zake, na wachache wanamwuliza. Utakapokuja kuzungumza nao, usimsimamishe mwenye mzigo. Msubiri autue, anywe maji, umwambie unataka nini na yeye atapata nini, kisha ukubali akikataa, maana kina mama wa mji huu wamekwisha kuulizwa mengi na watu wenye daftari ambao hawakurudi. Juzi nilikaa karibu na soko nikiwatazama. Wanapanda kwa makundi. Mmoja alipochelewa, wenzake walisimama wakatazama nyuma. Ndipo nikakuwaza wewe na kompyuta yako. Je, wanafunzi wenzako unawajua? Kama chuo hakiwakutanishi, watafute wewe mwenyewe, hata wawili, hata wakiwa nchi nyingine, mkubaliane siku moja ya juma ya kusomeana mlichoandika, ili pawe na mtu wa kutazama nyuma.

Sasa mambo ya hapa nyumbani. Mabati ya jikoni yatasubiri hadi kiangazi kijacho. Fedha hiyo tunaituma kwako kwa njia ya simu, kwa kuwa hali ya benki za hapa unaijua, ili fundi wa huko akutengenezee meza yako peke yako, yenye saraka na ufunguo. Si meza ya chakula, na asiweke mtu chungu juu yake. Mimi nilitaka kuuza redio yangu badala ya kugusa fedha za mabati. Ni mama yako aliyekataa, akasema amezoea kupika huku akisogeza sufuria mvua inapovuja. Mwezi ujao ni zamu yake ya kupokea likelemba, ile fedha wanayochangishana na kupokezana, naye anasema sehemu yake itanunua betri na paneli ndogo ya jua, ili umeme wa huko usiwe sababu. Nilimwambia hilo ni jukumu langu. Akasema tugawane.

Nimenunua daftari la kurasa 96. Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nitumie ujumbe wenye namba moja tu: ukurasa uliofikia. Sihitaji maelezo wala salamu. Ukiwa hujasoma, andika sifuri, nami nitaiandika sifuri hiyo wala sitakupigia simu kukugombeza. Ila zikija sifuri tatu mfululizo, mama yako atapanda njia kuja kuwalea watoto mwezi mmoja, na amekwisha kukubali, nami nitabaki hapa nijipikie. Jumapili usiyotuma chochote ndiyo nitakayoiogopa.

Sambaza zilizokaushwa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, anazo mjomba wako atakayesafiri wiki ijayo. Ni kilo 2, na mama yako ameziosha mara tatu kwa sababu ulilalamikia mchanga. Mjukuu wangu mkubwa asizile bila kutolewa vichwa.

Ni mimi, baba yako.