Mboji ifundishwe penye rundo, si ukumbini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna sisi wakulima wadogo wa Moshi Vijijini tunavyofundishwa kujitengenezea mbolea ya asili. Tangu mbolea za viwandani zilipopanda bei, hata Serikali ikalazimika kuleta ruzuku kuanzia msimu wa 2022/2023, mboji, yaani mbolea ya majani na samadi vilivyoozeshwa pamoja, imekuwa ikitajwa karibu katika kila mkutano wa wakulima ninaohudhuria. Hilo ni jambo jema. Kinachonisikitisha ni kwamba mafunzo yenyewe mara nyingi ni ya siku moja, ukumbini, ambapo mkulima hupewa kipeperushi na nauli, kisha akirudi kwake hana wa kumuuliza tena.

Rundo la mboji huchukua takribani miezi mitatu kuiva, na maswali ya mkulima huanza pale mwalimu anapokuwa ameshaondoka. Kipeperushi kinasema kaboni, iliyo nyingi kwenye mabua na majani makavu, iwe sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni, iliyo nyingi kwenye majani mabichi na samadi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini mama aliyesimama mbele ya mabua ya mahindi, majani ya migomba, majani mabichi na debe la samadi anahitaji mtu wa kumwonyesha kila tabaka liwe nene kiasi gani na maji yamwagwe kiasi gani. Anahitaji pia kuzoea kuchomeka kijiti katikati ya rundo na kukichomoa baada ya siku chache. Kikitoka cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea vizuri. Kikitoka kikavu, chenye ukungu mweupe, rundo lina kiu. Na kikitoka cha baridi huku kikinuka uvundo, maji yamezidi na rundo linahitaji kupinduliwa ili lipate hewa. Rundo lisilofikia mita moja kwenda juu na mita moja kwa upana ni vigumu kupata joto la nyuzi 55 linaloua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa, na mkulima aliyetengeneza rundo dogo hurudisha magugu yale yale shambani, kisha husema mboji haifai.

Huku kwenye vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, mwalimu angeweza kuanzia kwenye banda la ng'ombe. Kaya nyingi hufuga ng'ombe mmoja au wawili wa ndani, lakini samadi hurundikwa nyuma ya banda bila kufunikwa, jua likachukua naitrojeni ikapotea hewani kama gesi, na masika yakasomba sehemu ya kilichobaki hadi mtaroni. Mkojo, ambao umebeba sehemu kubwa ya naitrojeni na potasiamu anayoitoa ng'ombe, huachwa unywewe na ardhi. Kufunika samadi kwa majani ya migomba hakugharimu hata shilingi, na sakafu yenye mwinamo mdogo kuelekea kwenye shimo hukusanya mkojo wa kunyunyizia rundo.

Halafu, wanaoalikwa kwenye semina ni wenye mashamba, yaani wanaume kwa sehemu kubwa, ilhali wanaokata majani kule tambarare na kuyapandisha mlimani, wanaosafisha banda na kubeba samadi, wengi wao ni akina mama. Naona hili ni kosa kubwa kuliko la kipeperushi, kwa sababu maarifa hayamfikii anayeshika kazi yenyewe.

Nawasihi wataalamu wetu pia watuambie ukweli wote. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni; mboji kavu kwa kawaida ina asilimia 1 hadi 2 tu, hivyo ili kufikia kiasi hicho mkulima anahitaji zaidi ya tani moja, na hata hiyo huachia virutubisho polepole. Mboji hulainisha udongo, hutunza unyevu na kulisha migomba kwa miaka, lakini anayeahidiwa kwamba mahindi yake yatakoza kijani wiki mbili baada ya kuiweka atavunjika moyo, na hatajaribu tena.

Ombi langu kwa halmashauri ni kwamba kila kitongoji kiwe na shamba darasa kwenye kihamba cha mwanakijiji mmoja, na afisa ugani afike siku ya kupanga rundo, siku za kulipindua na siku ya kulifungua, waliokuja mara ya kwanza wakiwa pale pale. Mboji ya kutumia masika ya Machi inabidi ianze kupangwa Novemba, wakati mvua za vuli zinatupunguzia kazi ya kuchota maji. Kwa hiyo ratiba ingetangazwa mapema, kabla ya Oktoba kuisha, na barua za mwaliko ziandikwe kwa jina la mume na la mke.

Mkulima wa kahawa na migomba,
Uru, Moshi