Kwa binamu yangu, kuhusu daftari la Halo

Binamu,

Katika arobaini ya bibi ulinisalimu kama mtu anavyomsalimu mgeni aliyeteremka kivukoni Msangamkuu, ukaenda kukaa mkeka wa mbali. Nilijua sababu. Daftari lako bado ninalo.

Nimelisoma upya. Historia uliyoibuni humo iliachana na ya ulimwengu mnamo Juni 2000, pale Microsoft ilipoinunua Bungie, kampuni iliyokuwa ikiutengeneza mchezo wa video wa Halo. Wewe uliandika kwamba haikuinunua. Steve Jobs, mkuu wa Apple, ambaye Julai 1999 alikuwa ameionyesha Halo jukwaani New York kama mchezo wa Macintosh, kompyuta ya Apple, akaing'ang'ania. Bungie ikabaki Chicago. Mchezaji akaendelea kumwona askari wake kutoka nyuma, kama ulivyokuwa mpango wa wakati ule, badala ya kutazama kwa macho ya askari mwenyewe. Na Xbox, mashine ya michezo ya Microsoft, iliyotoka Novemba 2001 bila Halo, ikafa kabla haijafika Mikindani. Sura hiyo ya kifo cha Xbox ni nzuri. Ningekuambia mapema, lakini hukuwa mtu wa kuambiwa.

Usiku ule barazani ulikuwa ukimsomea bibi, naye, asiyejua Macintosh ni mnyama gani, alisikiliza huku akibangua korosho. Nikakuomba daftari, nikatoa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Uongo. Ilinunuliwa." Ukanyamaza. Bibi akauliza, "Kwani yule mwanajeshi alifika kwao?" Ukaingia ndani bila kumjibu, na asubuhi ukapanda basi la Dar es Salaam.

Kijana anayeandika anapaswa kuvumilia kusahihishwa. Mimi nilisahihishwa na walimu wakali kuliko mimi, na sikumkimbia mtu. Tarehe zangu zilikuwa sahihi. Pengine nilikosea rangi ya wino. Na kuna jambo jingine ambalo nililijua usiku ule nisikuambie: Halo ilifika kwenye Macintosh kweli, Desemba 2003, hata katika ulimwengu huu ulionunuliwa. Ungefurahi sana, ndiyo maana nilinyamaza.

Bibi aliniuliza tena habari za mwanajeshi, akiwa tayari hawezi kuketi. Nilimwambia asubiri mwenyewe aje. Kurasa zilizobaki ni kumi na mbili, na sijaandika humo hata neno moja.